Makopo Yenye Vifungo

Mtaani walimwita Upinde, kwa sababu ya upinde wa mvua, na jina hilo lilimkaa kama shati alilonunuliwa na mtu mwingine. Alilivaa, lakini hakulichagua. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati, kati ya bucha na duka la viatu, na nje, zikiwa zimeegemezwa ukutani zikauke, zilikaa picha zake: chanuo refu kama mlango, kipande cha sabuni kikubwa kama kitanda, kandambili moja ambayo jitu tu lingeweza kuivaa, betri nne za redio zimesimama kama askari wanaosubiri kukaguliwa. Vitu vya dukani, vitu ambavyo mtu hununua bila kuvitazama, yeye alivikuza mpaka vikapata heshima. Lakini kilichowasimamisha wapita njia hakikuwa ukubwa. Zilikuwa rangi. Waridi ilikaa na kijani cha ndizi mbichi bila kugombana. Nyekundu yake ilikuwa na joto, kana kwamba imetoka kupikwa sasa hivi. Watu wenye haraka zao walipunguza mwendo mbele ya mlango ule, wakaondoka wakiwa wepesi kidogo, bila kujua kwa nini.

Jambo ambalo mtaa mzima haukulijua ni kwamba Upinde hakuziona rangi hizo. Aliiona njano, aliiona bluu, na nyeusi na nyeupe kama kila mtu. Lakini nyekundu, kijani na kahawia kwake zilikuwa tope la aina moja, na waridi ilikuwa majivu.

Alikuwa na miaka saba mama yao alipomtuma bustanini achume nyanya zilizoiva. Alirudi na ndoo imejaa, mbichi kwa mbivu. Akachapwa kwa uvivu. Siku ya pili alitumwa tena, naye, kwa kuogopa fimbo, akabonyeza kila nyanya kwa kidole kutafuta zilizo laini. Alizileta zimepondeka. Akachapwa kwa uharibifu. Dada yake, aliyemzidi miaka minne na wakati huo alikuwa ameanza kujifunza kushona, alimkalisha nyuma ya nyumba na kumnyooshea nyuzi mbili.

"Hii rangi gani?"

"Kama majani."

"Na hii?"

"Kama majani yaliyokauka."

Dada alizitazama nyuzi, akamtazama yeye, akazikunja akazirudisha mfukoni. "Usimwambie mtu," alisema. "Watakucheka mpaka uote mvi. Mimi nitakuwa nakuambia."

Na kweli alimwambia, kwa miaka hamsini.

Kijana alikuwa na mkono. Hilo halikuhitaji msaada wa mtu. Alipopelekwa kujifunza kwa mchora mabango mmoja, mzee mkali aliyevuta sigara huku amezungukwa na mafuta ya taa, aliweza kuandika neno zima kwa brashi bila kupiga mstari kwanza, na herufi zikasimama wima kama zimeshikiwa rula. Kule hakupata shida sana kwa sababu rangi zilitoka dukani na majina yake kwenye makopo. Shida ilianza alipofungua karakana yake. Mchora mabango hawezi kuishi kwa rangi za kopo tu, lazima achanganye, na rangi ikishachanganywa haina jina.

Wakati huo dada yake alikuwa mshonaji mwenye cherehani yake, mjane mwenye binti mmoja mdogo, naye alihamishia cherehani pale pale karakanani, kwenye kona yenye dirisha. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kitambaa, alichanganya rangi kwenye makopo matupu ya maziwa. Kisha alitunga vifungo kwenye uzi na kuufunga kuzunguka kopo. Kifungo kimoja, nyekundu. Viwili, kijani. Vitatu, njano. Vinne, bluu. Kimoja kikubwa na kimoja kidogo, waridi. Angeweza kuandika majina, lakini mchoraji mwenye makopo yaliyoandikwa "hii nyekundu, hii kijani" angeulizwa maswali, wakati vifungo kwenye chumba cha mshonaji haviulizwi na mtu. Muuza nyama wa jirani aliwahi kuviona, akasema, "Nyumba hii mpaka rangi zinavalishwa shati," na habari ikaishia hapo.

Halafu dada hakuishia kumwambia rangi zilivyo. Alianza kumwambia ziwe zipi.

"Chanuo hili unataka liwe jeusi? Liko msibani?"

"Machanuo ni meusi, dada."

"Ya watu wengine. Hili lipake waridi. Na nyuma yake weka viwili."

Aliweka viwili. Alikuwa akiweka alichoambiwa, mahali alipoambiwa, kwa mkono usiotetemeka, na kazi ikiisha alirudi nyuma hatua tano akaona chanuo la majivu ndani ya tope. Kisha alisubiri. Alijifunza kuzijua picha zake kwa kusoma nyuso za wapita njia, kama kipofu anayejua jua limetoka kwa joto la shavuni. Aliwahi kuoa. Mke alikaa miaka mitatu, akaondoka kwa amani, akisema nyumba ile tayari ina watu wawili.

Mwanamke aliyemtoa kwenye mabango mtaa ulimwita Mama Fremu. Alikuwa na nyumba ya maonyesho upande wa mjini wenye miti, na siku ya kwanza alisimama mbele ya saluni, akaliangalia bango la chanuo kwa muda mrefu, akaingia ndani na kumwambia mwenye saluni kwamba kile kitu kinahitaji fremu. Mwenye saluni alidhani anasema mlango. Ndani ya mwaka, chanuo lilikuwa limetundikwa kwenye ukuta mweupe lenyewe peke yake, na waandishi walikuwa wakimuuliza Upinde anachaguaje rangi.

Alijibu mara ya kwanza, na baada ya hapo hakuweza kulibadilisha jibu. "Zinakuja zenyewe," alisema.

Dada yake alikuwa nyuma yake, akimimina chai ya wageni. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyesikia mtoto akitia chumvi. Walipoondoka alisema, "Zinakuja zenyewe. Basi kesho na vikombe vijioshe vyenyewe." Upinde alitaka kusema kitu. Akasema atasema kesho. Zikapita kesho nyingi, za miaka ishirini, na kila picha mpya ilifanya ukweli uwe mzito zaidi kuunyanyua.

Kisha dada akaanza kupotea.

Alianza na mkasi, kama wanavyoanza wengi, na kila mtu alicheka dada akiutafuta huku unaning'inia shingoni mwake. Baadaye alishona gauni la mteja akaweka mkono mahali pa shingo, akalifumua, akalirudia vile vile. Binti yake, aliyekuwa muuguzi katika mji mwingine, alipiga simu kila Jumapili, na dada alijibu vizuri, kwa sababu simu zote huuliza mambo yale yale. Vifungo viliendelea kutungwa. Upinde aliangalia vifungo, akaona viko sawa, mstari mzuri, fundo zuri, akamshukuru Mungu kwamba hapo bado ni mzima.

Asubuhi moja alichora kopo la maziwa lenye ng'ombe, refu kama mtu, akalitoa nje likauke. Muuza nyama alitoka na kisu chake mkononi, akasimama.

"Upinde," alisema, "huyu ng'ombe mimi sichinji."

"Kwa nini?"

"Kijani hivi? Huyo ameoza akiwa hai. Na nyasi hizo nyekundu, ni kwao kunaungua au vipi?"

Upinde alicheka pamoja naye, kwa sababu ndivyo walivyozoeana. Alisema ni mtindo mpya. Aliuambia moyo wake kwamba muuza nyama ni mtu wa mzaha, na kwamba dada huenda aliamua ng'ombe awe wa kijani, mbona machanuo yalikuwa ya waridi? Alikaa na wazo hilo siku nne. Siku ya tano alikuta vifungo vitatu kwenye kopo la bluu.

Bluu aliiona mwenyewe. Hapo hapakuwa na wa kumsingizia.

Dada alikuwa ameketi kwenye kona yake, akikanyaga cherehani isiyo na uzi, na sindano ilipanda na kushuka ikitoboa kitambaa matundu madogo yaliyonyooka vizuri sana.

"Dada," alisema, "hii ni ngapi?"

"Huoni? Tatu." Kisha akamwonea huruma. "Njano, mdogo wangu. Paka."

Alipaka. Hakujua angefanya nini kingine mbele ya macho yale.

Alitaka kumfuta ng'ombe, lakini Mama Fremu alifika kabla hajapata nafasi. Alikaa mbele ya picha akashika kidevu. "Hatimaye," alisema, taratibu. "Miaka yote hii ulikuwa unatupendeza. Sasa umethubutu." Akamchukua ng'ombe na kilichomfuata. Gazeti moja liliandika kwamba mchoraji, katika uzee wake, amekata kamba iliyomfunga kwenye uzuri. Upinde alisomewa maneno hayo na muuza nyama, aliyeuliza kama kamba hiyo ndiyo ya ng'ombe.

Angeweza kutafuta macho mengine. Alijaribu mara moja. Alimwita muuza nyama ndani, dada akiwa nyuma anaota jua, akamwambia amtajie makopo, kwamba macho yake siku hizi yana ukungu. Muuza nyama alitaja moja baada ya jingine, na Upinde alihamisha nyuzi za vifungo kwa haraka kama mwizi. Hawakumsikia dada akiingia. Alisimama mlangoni akawatazama wanaume wawili na makopo yake. Alipanda kitandani mchana ule, na kwa siku tatu hakuoga, hakuchana nywele, hakula ila chai. Siku ya nne alisema, uso ukiwa ukutani, "Umepata mwingine."

"Sijapata, dada."

"Kama kazi yangu imeisha, niambie. Mimi si mtoto."

"Haijaisha. Amka, leo tuna redio kubwa. Mimi sijui hata pa kuanzia."

Aliamka. Alijifunga kanga, akatafuta sanduku la vifungo, akaketi mbele ya makopo kama mtu aliyerudishiwa nyumba. Tangu siku ile Upinde hakumwita mtu. Alipambazukiwa na jambo moja tu: asubuhi zile mbele ya makopo ndizo zilizobaki za kumshikilia dada yake upande huu, na zikikatika ataondoka, hata kama mwili utabaki kwenye kiti. Kwa hiyo alipaka. Alipaka nyanya za bluu na viberiti vya kahawia. Alipaka uso wa msichana wa kwenye pakiti ya mafuta ya nywele, na mtaa ukamwambia una kijani cha ukungu. Kila picha aliitoa nje, akasubiri nyuso, na kutoka kwenye nyuso alijua dada amefika wapi. Watu wa mjini walipiga makofi. Kila walivyozidi kupiga, ndivyo alivyojua hali imezidi kuwa mbaya. Hakuna daktari aliyewahi kuandikiwa ripoti kwa furaha namna ile.

Binti alipouliza kwenye simu, "Mama anaendeleaje, mjomba?" alijibu, "Anafanya kazi kila siku." Haukuwa uongo.

Mama Fremu aliandaa onyesho la kazi zake zote, za miaka thelathini. Alizikusanya kutoka kwenye nyumba za watu na maofisi, akazitundika kwa mpangilio wa miaka, kuanzia chanuo la saluni mlangoni mpaka picha za mwezi uliopita mwisho wa ukumbi. Upinde hakuombwa ushauri. Alivalishwa koti. Dada yake alivalishwa gauni ambalo mshonaji mwingine alikuwa amelishona, akaketishwa karibu na meza ya vinywaji, ambako alimsifia kila aliyepita kwa nguo yake.

Binti alikuja na basi la mchana akiwa bado na viatu vya kazi. Alimbusu mama yake, akamshika mkono mjomba, akaanza kuzunguka ukutani polepole. Mwanzoni alikuwa akitabasamu. Alikulia katika chumba kile. Alikuwa amelala chini ya cherehani, amefanyia kazi za shule kati ya makopo. Alizijua rangi za mama yake kama mtu anavyojua sauti ya mlango wa kwao. Upinde alimtazama kutoka mbali. Alimwona akipita miaka ya waridi na ndizi mbichi, akigusa fremu moja kwa ncha ya kidole. Alimwona akifika kwa ng'ombe, akisimama. Akapiga hatua, akasimama. Akarudi picha mbili nyuma, akaenda tena mbele. Wageni waliokuwa karibu naye walikuwa wakisema ujasiri, uhuru. Yeye, muuguzi, alisoma ukuta ule kama chati iliyotundikwa miguuni mwa kitanda.

Alifika mwisho, akageuka, akamtafuta mjomba kwa macho, akamkuta.

Walisimama kwenye ujia wa kuelekea stoo, kati ya viti vilivyokunjwa.

"Tangu lini, mjomba?"

"Ng'ombe," alisema. "Kabla ya ng'ombe kidogo."

"Huo ni mwaka wa tatu."

"Najua."

"Umejua miaka mitatu. Na ukaendelea kuchora."

Alitafuta jibu. Alikuwa nalo, alikuwa amelipanga mara nyingi akiwa peke yake, lile la asubuhi na makopo, la dada kuamka na kujifunga kanga. Lakini ukumbini mtu alikuwa amegonga glasi kwa kijiko, na Mama Fremu alikuwa akiita jina lake, na alijua kwamba popote atakapolianza jibu lile litasikika kama la mtu aliyevaa koti.

"Aliniomba nisimnyang'anye kazi," alisema.

"Kuna dawa, mjomba. Haziponyi. Ila zinachelewesha." Hakuwa anamfokea. Ingekuwa nafuu. "Miaka mitatu ni mingi."

Siku mbili baadaye binti alikuja kumchukua mama yake. Upinde hakubisha, kwa sababu hakuwa na mahali pa kusimamia. Alikunja kanga za dada yake mwenyewe. Dada alidhani wanapeleka nguo za mteja, akawa na wasiwasi kwamba hazijapigwa pasi, na ndani ya gari aliendelea kuuliza kama vipimo walivichukua sawasawa. "Tulivichukua," alisema Upinde akiwa dirishani. "Basi twende," alisema dada, "watu wasituone waongo." Muuza nyama alitoka kuaga. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Wiki ile Mama Fremu alikuja kuomba picha sita. Upinde alimkaribisha kiti, akamwambia. Alisema yote, kwa mfululizo, nyanya, nyuzi, makopo, ng'ombe. Alisema, "Rangi ni za dada yangu. Mimi sijawahi kuziona." Mama Fremu alisikiliza macho yakimlowa. Alimshika mkono kwa mikono miwili. "Unajua," alisema, "wasanii wakubwa wote husema hivyo kuhusu mtu waliyempenda." Na kwenye kitabu cha onyesho lililofuata iliandikwa kwamba dada wa mchoraji ndiye aliyemfundisha kupenda rangi. Alisomewa sentensi hiyo mara mbili. Ilikuwa nzuri, na hapakuwa na mahali pa kuingizia kidole ili kuibomoa.

Alichora picha moja zaidi, ndoo ya plastiki, muuza nyama akimtajia makopo kwa uangalifu mkubwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Wapita njia waliipita.

Jumamosi alipanda basi kwenda kwa mpwa wake. Dada alikuwa barazani, kwenye kiti cha plastiki, amenenepa kidogo, nywele zimesukwa vizuri. Dawa zilikuwa zimemtuliza. Alimwonyesha kiti kwa adabu wanayopewa wageni.

"Karibu, baba. Umetoka mbali?"

"Mbali kidogo."

"Unafanya kazi gani?"

"Nachora."

"Ala. Unachora nini?"

"Vitu vya dukani. Sabuni. Machanuo."

Alifikiri, akiyakunja na kuyakunjua mapindo ya gauni lake, akikagua mshono. "Hiyo inataka rangi," alisema. "Rangi unazijua?"

Ndani, mpwa wake alikuwa akiosha vyombo, na mlio wa maji ukasimama.

"Sizijui," alisema Upinde.

Dada alimtazama kwa muda mrefu, kwa huruma ya kweli, kama anavyotazamwa mtu wa njiani aliyekupa habari ya msiba wake.

"Pole," alisema. "Sasa utafanyaje?"

Upinde alivuta kiti karibu zaidi, akaketi, na wote wawili wakaangalia barabara.